Bwana Harusi Hakutaka Kimya

"Usinipigie kelele humu!" nilimwambia shemeji, na mimi mwenyewe nilikuwa nimeshapiga kelele.

Chumba kile kilikuwa na sheria: viatu nje, sauti chini. Ndani ya sanduku la kioo waliishi vyura wawili, wadogo kama ukucha wa kidole gumba, wa mwisho wa aina yao. Walitoka kisiwa kimoja tu, kwenye maporomoko ya mto mmoja tu, na mto wenyewe ulikuwa umeshazibwa. Dume tulimwita Bwana Harusi. Asipoita, jike hamfuati. Wasipokutana, ndio mwisho wa ukoo. Naye tangu aletwe alikuwa kimya kama maji ya mtungi.

Basi tukazidi kunong'ona. Nilizunguka sanduku lile mpaka shemeji akanitania kwamba nitatoboa sakafu. Leo nikisikia watu wakiiita kazi ile ya utulivu, nacheka. Dada yangu, mkewe, alikuwa amefariki mwanzoni mwa mwaka, na tangu mazishini hatukuwa tumemtaja. Kunong'ona kulitufaa sana.

Siku hiyo pampu ya kunyunyizia maji iligoma. Nilimwomba achelewe kidogo kuondoka, aitengeneze. Akalipuka.

"Nichelewe tena? Dada yako alikata roho mimi niko hapa nachunga vyura!"

"Kwani nani alikuzuia kwenda?"

"Wewe! Ulisema amepata nafuu!"

"Daktari ndiye aliyeniambia!"

Hapo ndani ya sanduku ikatoka sauti kali, nyembamba, kama kokoto zinazogongana. Tukanyamaza. Bwana Harusi naye akanyamaza.

Tulitazamana kama wezi waliofumaniwa. Maporomoko! Kiumbe aliyezaliwa penye ngurumo ya maji, sisi tulimfungia kwenye kimya kisha tukamtaka aimbe.

"Endelea, shemeji," nikasema. "Piga kelele."

"Niseme nini?"

"Chochote! Sema habari za dada!"

Akapaza sauti. Alisema dada aliweza kuunguza hata chai. Alisema alikoroma na kukana kwamba anakoroma. "Viatu vyake bado viko mlangoni!" alifoka. "Naviruka kila siku!" Nikampokea kwa kilio, wala sikuona haya. Bwana Harusi akaita, akaita tena.

Jike akachomoza chini ya jani, akaanza kumfuata. Nilimwonyesha shemeji kwa kidole. Alimwona, nina hakika alimwona, lakini hakunyamaza.