Mlango wa Bi Kafedha

Mwaka wa hamsini na saba, mafua makubwa yalipoingia Likoni, Mwanasaumu aliufunga mlango wa mamake, Bi Kafedha, mchana kweupe. Mtaa wao mzima wa Timbwani ukashika mdomo.

Hakikuwa kiburi. Daktari alikuwa amemwambia bila kumung'unya maneno: "Mamako ana saratani ya damu, umri umekwenda, na kifua chake kina pumu. Mafua yatakayokulaza wewe siku tatu, yeye yatamuua. Wageni wasimkaribie."

Lakini Timbwani mwizi husamehewa, asiyetazama wagonjwa hasamehewi. Majirani walikuja na uji, wakaishia barazani. Mwanarusi, waliyepakana naye ukuta kwa ukuta, alisema makusudi asikike ndani, "Kumbe siku hizi sisi twaonekana uchafu."

Bi Kafedha akalia. Ugonjwa ulikuwa haujamliza, aibu ndiyo iliyomliza.

"Mwanangu, watu hawa ndio walionizikia mume. Ikiwa hawaingii, basi wende wewe ukawatazame wagonjwa wao. Wasije wakasema tumewatupa."

"Nitakwenda, mama."

Akaona ni haki: mlango utabaki umefungwa, na heshima ya mamake haitavunjika. Akazunguka nyumba sita. Alimkuta Mwanarusi taabani, akamketisha, akampangusa kamasi kwa leso yake mwenyewe, akamnywesha uji. Aliporudi alimwegemea mamake begani, akampa salamu za kila nyumba. Bi Kafedha akacheka, kicheko ambacho Mwanasaumu hakuwa amekisikia tangu mfungo wa Ramadhani.

Siku ya tatu koo likamwasha Mwanasaumu. Papo hapo akajua, akaketi jikoni na mikono kichwani. Watu wote alikuwa amewazuia, akajisahau yeye. Siku ya tano mamake akaanza kuhema, na ya nane wakamzika.

Matangani nyumba ilijaa hadi uani. Mwanarusi, ambaye sasa alikuwa amepona, alimkumbatia akilia.

"Niwie radhi, mwanangu. Wallahi sikujua kwamba wamlinda mamako. Nami nilivyokutukana, ukaja kuniuguza hata hivyo. Uji ule sitausahau."

Mwanasaumu alifunua kinywa aseme. Alitamani kukiri kwamba ni yeye aliyemletea mamake mafua. Lakini akikiri, Mwanarusi naye atajua mafua yale yalitoka kitanda gani, na mwanamke huyu hakuwa na kosa lolote ila kuugua.

"Mama alikuwa akikupenda," akamwambia, na mengine akayameza.