Sanduku la Bolti Nne

Lori lilikuwa limeshapita kituo cha mwisho cha mafuta, mji uko nyuma yetu ndani ya vumbi, ndipo dereva aliponigeukia akaniuliza kama namkimbia mke au nawakimbia polisi.

"Nakimbia baridi," nikamwambia.

"Baridi gani hiyo, mzee, na jasho linakutiririka mpaka kwenye masikio?"

Nikacheka kidogo ili anyamaze. Begi langu nilikuwa nimelipakata kama mtoto mgonjwa. Mimi nimeondoka kwenye miji mingi, na kila mara naondoka hivyo hivyo: asubuhi, bila kuaga, begi moja. Darasa la pili nilisoma mji mmoja, la tatu mwingine, la tano nikaliruka kabisa kwa sababu mwaka ule tulikuwa njiani. Nilichojifunza vizuri ni kupima. Nilibeba futi ya wapima viwanja, nikabeba ya mafundi seremala, hatimaye nikanunua yangu, na watu wakaniita Futi mpaka jina la nyumbani likapotea.

Siku ile ilikuwa Jumatatu. Jumatano saa tatu asubuhi mdogo wangu alitakiwa mbele ya kikao cha ofisi ya usajili wa magari, ajibu kwa nini alidanganya kuhusu pikapu yake. Kikao kisiporidhika, faili linakwenda mahakamani, na walishamwambia shemeji, mkewe, kwamba huko ni miaka miwili jela. Mtu aliyedanganya alikuwa mimi. Nami nilikuwa ndani ya lori la saruji, naelekea upande mwingine.

Nieleze jambo lenyewe, maana lina vipimo.

Mdogo wangu ni fundi bomba. Alijinyima miaka sita akanunua pikapu ya milango minne, yenye viti safu mbili mbele na sehemu ya mzigo nyuma. Sasa ofisi ya usajili haikuangalia gari unalipenda vipi. Walipima kutoka katikati ya gurudumu la mbele hadi katikati ya gurudumu la nyuma, wakagawa kwa mbili. Halafu wakapima urefu wa sehemu ya mzigo. Mzigo ukizidi ile nusu, gari lako ni la mizigo: ada mara tatu, ukaguzi mara mbili kwa mwaka, bima ya biashara. Usipozidi, ni gari la familia, unalipa kidogo unakwenda zako.

Ya mdogo wangu ilizidi kwa sentimita nane. Vidole vyangu vinne nikivibana.

"Kaka, basi tulipe hiyo ya mizigo," akasema. "Mimi Jumamosi huwa nawabebea watu vitu. Si ndiyo kazi yake?"

"Ulipe mara tatu kwa ajili ya vidole vinne? Una wazimu?" nikamcheka mbele ya mkewe. Nakumbuka nilimcheka, na mkewe akatabasamu kwa adabu.

Sheria yao ilikuwa na tundu, nami nililiona siku ya kwanza. Kitu chochote kilichofungwa kwa bolti kwenye gari kilihesabiwa kuwa ni bodi, si nafasi ya mzigo. Nikaenda kwa fundi wa kuchomelea, jirani yetu, mtu mwenye kope zilizoungua kwa cheche. Tukatengeneza sanduku la bati, upana wa gari zima, kina sentimita arobaini. Ukilifunga nyuma ya kabini kwa bolti nne, sehemu ya mzigo inapungua kwa sentimita arobaini papo hapo. Fomu niliijaza mimi kwa mwandiko wangu. Mdogo wangu alitia sahihi tu, akafurahi, kwa sababu nilimwambia sanduku ni lake, aweke spana zake na vipande vya bomba.

Nililiacha kwenye gari lake siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili, akiwa amekwenda kazini kwa miguu, nikalifungua. Fundi wa kuchomelea alikuwa amepata mteja mwingine mwenye pikapu kama ile.

"Kaka, sanduku langu liko wapi?"

"Liko kwa fundi, linapakwa rangi."

Lilipakwa rangi miezi mitano. Katika miezi hiyo lilivaliwa na pikapu nyingine sita, kama suti ya harusi inayokodishwa. Kila gari linapokuja, nilipima, na ili nisisahau, niliandika chini ya kifuniko kwa rangi nyekundu: jina la mwenye gari tunavyomwita, na urefu wa sehemu yake ya mzigo. Lile la mdogo wangu lilikuwa la kwanza juu. Pesa tuligawana na fundi, yangu ikaisha kwa viatu na sigara. Mdogo wangu aliniuliza mara tatu. Mara ya tatu alisema, "Rangi hiyo inakauka lini, kaka, au mnaipaka kwa mate?" Tukacheka wote wawili, yeye kwa moyo mweupe.

Jumamosi moja alikuwa anamhamisha mwalimu wa kike, na kabati lake na vitanda viwili. Tairi la mbele likapasuka, pikapu ikaingia mtaroni. Mdogo wangu alitoka na mikwaruzo. Mwalimu, aliyekaa kiti cha mbele, alivunjika paja. Mtu wa bima akaja na futi yake. Kwanza akasema bima ya gari la familia hailipi mzigo wa kukodi. Kisha akapima nyuma, akaangalia kadi ya gari, akapima tena.

"Hapa pameandikwa kuna sanduku. Liko wapi?"

Mdogo wangu akanitazama. Mimi nikatazama mtaro.

Basi ndiyo hayo niliyokuwa nayo kichwani ndani ya lori. Tukafika kwenye mizani ya barabarani. Lori lilikuwa limejaa hadi shingoni, na dereva alikuwa na utaratibu wake.

"Mzee, teremka. Zunguka kwa miguu, nitakukuta mbele. Hapa hata kilo zako hamsini zinaweza kunitia matatani."

Nikateremka, nikalizunguka jengo la mizani na begi langu. Simu ikalia. Shemeji.

"Shemeji, uko wapi?"

"Nipo. Nimetoka kidogo."

"Kidogo wapi, nasikia malori? Haya, sikupigii kukuuliza. Ufunguo wa stoo unakolala umeuweka wapi? Shati lake jeupe limo humo, nataka kulipiga pasi kabla ya Jumatano."

Nikaingiza mkono kwenye mfuko wa begi. Ufunguo ulikuwa humo, pamoja na zile bolti nne za kwanza. Tulipoanza kukodisha tulitumia bolti nyingine, hizi nikabaki nazo, sijui kwa nini.

"Ninao mimi," nikasema. "Nimeuchukua kwa bahati mbaya."

 Nadhani hapo ndipo alipoelewa kwamba nimeondoka na begi.

"Sawa," akasema. "Atavaa la bluu. Shemeji, uende salama. Mwenyewe ameshaandika maelezo. Kasema sanduku alilitengeneza na kulifungua yeye, wewe usisumbuliwe."

"Yeye? Yule hata msumari akipiga unapinda!"

"Ndivyo alivyoandika. Kasema miguu yako inauma, haiwezi kulala sakafuni jela."

Hakulia, hakunilaumu. Angenitukana ningepanda lori. Nilimuona dereva mbele ananipungia mkono, injini inanguruma. Nilisimama pale na ufunguo wa stoo, na kusema kweli nilichofikiria si haki wala undugu. Nilifikiria lile shati. Nilifikiria atasimama mbele ya watu na lile la bluu la kazini, lenye doa la gundi ya mabomba kifuani, kwa sababu mimi nimeiba hata ufunguo.

Nikamwendea dereva. "Narudi."

"Nauli sirudishi."

"Kaa nayo."

"Mzee, basi alikuwa ni mke!" akacheka, akaondoka.

Nilipata gari la kurudi Jumanne mchana. Jioni nikafika, nikampa shemeji ufunguo mlangoni. Aliupokea kwa mikono miwili kama tunavyopokea kitu cha mkubwa, na hilo likaniumiza kuliko kofi. Mdogo wangu alikuwa mezani, akasema, "Karibu kaka, chakula kipo," kama vile nilikuwa nimetoka dukani.

"Kesho nitasema ukweli," nikamwambia.

"Kula kwanza."

Chumba cha kikao kilikuwa na meza ndefu, viti vya plastiki na dirisha linaloangalia uwanja wa ukaguzi. Mkubwa wao alikuwa mama mmoja mwenye miwani ya kamba, mpole wa sauti. Alisoma maelezo ya mdogo wangu, akauliza kama ana la kuongeza. Mimi nikasimama nyuma.

"Sanduku nilitengeneza mimi. Nikalitoa mimi, yeye hakujua. Fomu ni mwandiko wangu."

"Wewe ni nani?"

"Kaka yake."

"Mheshimiwa, msimsikilize," akasema mdogo wangu bila kugeuka. "Mzee wangu huyu anapenda kubeba lawama."

Mimi! Mimi niliyekimbia lawama miji kumi na minne. Watu wawili wakacheka. Yule mama hakucheka.

"Baba," akaniambia, "kila ndugu anayekuja hapa husema ni yeye. Una ushahidi? Sanduku lenyewe liko wapi?"

Nikaweka bolti nne mezani. Akazigusa kwa kalamu. "Hizi ni bolti. Kila mtu ana bolti."

Hapo nikatazama nje. Kwenye uwanja magari yalikuwa yamepanga foleni ya ukaguzi, na la tatu lilikuwa pikapu ya kijani ya Mama Nyanya. Huyu mama anauza nyanya sokoni. Siku niliyofika mji ule mara ya kwanza, mvua inanyesha, ndiye aliyenipakia mbele na kuniuliza nimekula nini. Nyuma ya kabini yake, limefungwa vizuri, linang'aa, lilikuwa sanduku letu. Alikuwa amesimama kando na kadi yake mkononi, amevaa kilemba cha kwenda ofisini.

Nilijua chini ya kifuniko kuna nini. Nilijua majina yote saba, kwa mpangilio. Sikuwa nimesahau hata moja. Ningeweza kusema sanduku limepotea.

"Lile pale," nikasema, nikanyoosha kidole. "Fungueni kifuniko, msome kwa ndani."

Wakatoka. Sisi tulibaki dirishani. Tulimwona mpimaji anapanda nyuma ya pikapu, anafunua, anainama, kisha anamwita yule mama mwenye miwani. Akasoma kwa muda mrefu. Aliagiza fomu yetu iletwe, akailinganisha na ile rangi nyekundu. Mama Nyanya alikuwa anauliza kitu, hakuna anayemjibu. Akageuka kwenye dirisha, akaniona, akanipungia mkono. Alidhani nimekuja kumsaidia.

Mdogo wangu alisimama karibu yangu, na shati lake jeupe lililopigwa pasi.

"Wako wangapi humo?" akauliza.

"Ukijitoa wewe, sita."

 "Kaka, mimi ningelala sakafuni."



Faili la mdogo wangu halikwenda mahakamani. Alilipa tofauti ya ada na faini, akanyang'anywa leseni mwaka mmoja. Pikapu aliiuza ili alipie matibabu ya mwalimu, kwa sababu bima haikutoa kitu. Siku hizi anabeba mabomba yake kwenye mkokoteni. Mwalimu anatembea na fimbo na anafundisha akiwa amekaa. Wale wengine watano walitozwa faini, na mmoja akahama. Pikapu ya Mama Nyanya ilizuiwa pale uwanjani miezi mitatu. Wakati anaipata, wateja wake wa jumla walikuwa wamehamia kwa mwingine. Anauza rejareja, na nikipita anainamia nyanya zake, anazipanga. Fundi wa kuchomelea alifungwa miezi sita, mimi minne. Nililala sakafuni, na miguu ilivumilia. Ofisi ilibadilisha sheria: sasa wanapima kutoka ukuta wa kabini, kuwe na sanduku au kusiwe. Sanduku lenyewe walibaki nalo, wanawekea fomu za zamani. Shemeji alinipa tena ufunguo wa stoo, maana ndiko ninakolala. Ni mwaka wa tatu sijaondoka.