Pumzi ya Mchimbaji

"Sista, mbona unatuonea? Unaanza upya tena?"

"Nitaanza hata mara kumi, Mama Limi. Na wewe Baba Limi, pandisha barakoa, uso uelekee ukutani."

Serafina akashika kiuno. Saa tatu na nusu asubuhi ilikuwa imeshapita, mashine ya figo huchukua saa nne kusafisha damu, na basi la Geita huondoka Shinyanga saa nane kamili. Mumewe, Thobias, alikuwa kitini kifua wazi, mpira wa kupitishia damu, wenye vichwa viwili, umetokeza kifuani chini ya bega. Mbele yake nesi Eunice, mwanamke mfupi mwenye miwani, alikuwa anavua glavu mpya kabisa na kuzitupa.

Kosa lenyewe lilikuwa nini? Thobias alikuwa amepuliza, basi. Kizibo kilipofunguliwa aliona unyuzi wa pamba kwenye mdomo wa mpira, akashusha barakoa, akainama, akapuliza phuu! kama anavyopuliza vumbi kwenye karai akitafuta punje ya dhahabu. Baada ya miaka kumi na minne machimboni, mtu hupuliza kila kitu chenye thamani bila hata kujijua.

"Pumzi yake mwenyewe ina sumu gani?" Serafina akauliza. "Mate yake si anayameza kila siku?"

"Yanaenda tumboni. Mpira huu hauendi tumboni." Eunice alishafika kwenye bomba, ananawa, kila kidole na zamu yake. "Ncha yake iko mlangoni mwa moyo. Kijidudu kikipita hapa kimeshaingia kwenye damu. Kabla jua halijazama mtu anatetemeka."

Kusikia kutetemeka, Serafina akaondoa mikono kiunoni. Mpira wa kwanza, ule wa shingoni, ulimtetemesha Thobias mpaka kitanda kikawa kinagonga ukuta. Ndugu wakasema wenzake wa duara, shimo lao la dhahabu, wamemroga kwa wivu. Siku tano zikaishia kwa mganga, na alipofikishwa hospitali alikuwa hamtambui hata Limi, binti yake wa kumzaa. Mpira ukatolewa, akachomwa dawa za mshipa wiki mbili, na hakuna aliyewahi kumwambia Serafina uchafu uliingilia wapi.

Daktari Enock akachungulia mlangoni. "Eunice, wanasubiri wanne nje. Unganisha tumalize."

"Kama unaunganisha wewe, daktari, vaa barakoa, unawe, uje."

Daktari akatazama saa yake, akatazama mikono yake, akaondoka. Serafina nusura acheke. Kumbe yupo mtu wa kumjibu daktari!

Eunice akavaa glavu nyingine, akachukua pamba ya spiriti, akasugua mdomo wa mpira akihesabu kwa sauti. Alipofika kumi na tano akaacha ukauke, bila kuupepea. Kisha kichwa cha pili, vilevile. Machimboni Serafina alikuwa ameona mafundi wa kila namna, lakini hakuwahi kuona mtu akikipa kitu kidogo kama kifuniko cha soda heshima kubwa hivyo. Hasira yote ikamwishia. Ndipo likamjia swali.

"Baba Limi, na nyumbani unapuliza?"

Thobias akakohoa. "Vumbi la makarasha, zile mashine za kusaga mawe, linaingia chini ya plasta. Nainua kidogo tu, napuliza, linatoka."

"Kila siku?"

"Jioni, nikitoka kazini."

Eunice hakugomba. Alibandua plasta taratibu, akawaonyesha ukingo wake: vumbi jekundu la mawe, na chini yake ngozi iliyoanza kuiva. Akasafisha kidonda, akabandika plasta mpya, akakandamiza pembe zote nne.

"Hapa kwangu namlinda saa nne, mara mbili kwa wiki," alisema. "Saa zilizobaki ni zenu, Mama Limi. Na kule kwenye kusaga mawe, mimi sitaweza kuzuia kitu."

"Kesho wanafika kwenye mwamba wenye dhahabu, sista!" Thobias akalalamika. "Nisipokuwepo kusimamia, bosi Maduhu anaweka mtu wake. Nimechimba lile duara miaka mitatu!"

Serafina akamtazama mumewe, kisha ile plasta nyeupe kifuani pake.

"Amuweke," akasema.

"Nini?"

Alishatoka nje ya chumba, simu sikioni. "Maduhu? Mama Limi hapa. Tafuta msimamizi mwingine wa duara. Ndiyo, kuanzia leo, Thobias harudi huko. Hapana, hajafa! Ndiyo maana nakupigia."

Akakata, akajifunga kanga vizuri, akashuka ngazi kwenda mtaani kutafuta chumba cha kupanga hapohapo Shinyanga, chenye sakafu ya saruji na maji karibu, kabla mashine haijamaliza.