Siku Bunge Lilipomlilia Lindolfo

Katika miaka yake yote bungeni, Lindolfo Barreiros hakuwahi kusikilizwa mpaka mwisho. Akifika katikati ya hoja, wenzake walikuwa wameshageuziana viti wakipiga soga, wengine wameinuka kufuata kahawa, na spika akiangalia dari. Lakini siku ile, akiwa na wiki moja kaburini, bunge zima la jimbo lilikuwa kimya kwa ajili yake, na Mheshimiwa Osmarino Pacheco, aliyekuwa rafiki yake tangu ujana wao mtoni, aliona kwamba labda aliwafikiria watu hawa vibaya kuliko walivyostahili.

Hoja ya rambirambi aliiwekea sahihi ya kwanza yeye mwenyewe. Spika, Valdemiro Sarges, alikuwa amemwita ofisini siku iliyotangulia, akamshika mkono kwa mikono miwili, akamwambia kwamba Lindolfo anastahili heshima kamili, mjane akae meza kuu, na yeye Osmarino azungumze wa mwisho, kama ndugu wa marehemu. Osmarino alitokwa na machozi palepale. Alitia sahihi bila kuuliza lolote, kwa sababu alijua rambirambi za bunge lile zilivyo: watu husimama dakika moja, hukaa, kazi huendelea.

Na kazi ya siku ile ilikuwa moja tu iliyomhusu. Shughuli ya kwanza kwenye orodha ilikuwa muswada ambao yeye na Lindolfo waliupeleka pamoja kabla ugonjwa wa figo haujamwondoa Lindolfo bungeni: kuwapa hati za ardhi watu wa Boca do Matupi. Watu hao walihamishwa zamani ili bwawa la umeme lijae, wakatupwa juu zaidi mtoni, na tangu hapo wanalima muhogo kwenye ardhi ambayo kwa karatasi ni ya serikali ya jimbo. Wafugaji wakubwa kutoka kusini walikuwa wameshaanza kuipima na kuichomekea vigingi. Ilikuwa siku ya mwisho ya muhula. Muswada usipopigiwa kura kabla ya saa kumi na mbili jioni, ungetupwa kwenye masjala pamoja na mingine yote iliyokufa, na baada ya mwaka mpya ardhi ingeuzwa.

Watu wenyewe walikuwapo. Walishuka mto kwa mashua usiku kucha, wakajaza viti vya wageni ghorofani, wanaume kwa mashati ya kanisani, wanawake na watoto mapajani, na mifuko ya unga wa muhogo na samaki wa kukausha chini ya miguu. Mbele yao wote aliketi Adauto, mwenyekiti wa kijiji chao, mtu mfupi mwenye mabega ya kupiga kasia. Pale chini, kando ya spika, alikaa Dona Iracy, mjane, kwa gauni jeusi.

Wa kwanza kupanda jukwaani alikuwa Nildo wa Ambulensi. Jina hilo alilipata kwa kusafirisha wagonjwa bure kila mwaka wa uchaguzi, na magari yakaharibika yote kila alipochaguliwa. Nildo alisimulia jinsi alivyokuwa akila samaki wa kuchoma nyumbani kwa Lindolfo kila Jumapili. Dona Iracy aliinua kichwa akamtazama vizuri, kama mtu anayejaribu kukumbuka. Osmarino alijiambia kwamba huzuni huchanganya kumbukumbu za watu.

Akafuata Sajini Ferraz. Kwenye jukwaa hilohilo aliwahi kumwita Lindolfo mwizi wa ardhi na kibaraka wa wavamizi. Sasa alimwita baba. Alisita, akatoa kitambaa, akakiminya machoni, akakirudisha mfukoni kikavu, na mikunjo yake ya pasi. Kutoka juu watu wa mtoni walimpigia makofi. Mwanamke mmoja alikuwa akilia kwa sauti, na kwa kuwa kile kilio kilikuwa cha kweli, Osmarino alijisikia vibaya kwa ajili yake.

Kisha Dokta Marlusia, daktari wa watoto, aliwaeleza wajumbe kazi ya figo. Alianza na damu inavyoingia, akaenda polepole mpaka inavyotoka. Baada yake mjumbe mmoja kijana alimsifu marehemu kwa kuupenda mpira na kasi yake uwanjani. Lindolfo alikuwa na mguu mmoja mfupi tangu kuzaliwa. Alipokuwa akitembea kwenye korido zile, kijana huyohuyo alikuwa akimwigiza kwa nyuma, na wenzake wakicheka.

Osmarino hakuwa mwepesi wa kuhukumu. Alikuwa amejifunza kusoma akiwa mtu mzima, na tangu hapo alikuwa na tabia ya kurudia kila kitu mara mbili kabla ya kukiamini. Lakini watu hawa hawakuwa wakikosea kwa bahati mbaya. Walizungumza polepole kama wanaolipwa kwa saa, na kila aliyeshuka alimwangalia spika, na spika akawa anatikisa kichwa kidogo, kama bwana harusi anayepokea wageni.

Alitoka kwenda kwenye chumba cha kahawa. Nildo na Ferraz walikuwa huko, wamempa mgongo, kila mmoja na kikombe chake kidogo.

"Afande, punguza machozi," Nildo alikuwa akisema. "Utaishiwa maji mwilini, na bado kuna wasemaji saba."

"Mimi nalia kwa mpango. Wewe na samaki wako ndio mmenichekesha. Ulishawahi kuingia nyumba ile?"

"Niliwahi kupita barabarani."

Walicheka, kisha Nildo akageuka akamwona. Hakuona haya hata kidogo. Alimsogezea Osmarino sukari.

"Usituangalie hivyo, mzee wangu. Ndugu yako alipokuwa hai alituchosha bure. Leo angalau anatufikisha saa kumi na mbili."

Osmarino alikiacha kikombe mezani bila kukigusa. Alirudi ukumbini akapanda mpaka meza kuu, akainama sikioni kwa spika, na kwa kuwa Dona Iracy alikuwa kiti cha pili, alinong'ona. Aliuliza watafika saa ngapi kwenye shughuli ya kwanza.

Sarges hakuacha kutabasamu kwa ajili ya kamera. "Mzee Osma, umemwona nani anatoka msibani anakwenda kupiga kura? Tukishapitisha rambirambi, bunge linafungwa kwa maombolezo. Kanuni hiyo, sikuiandika mimi."

"Alipokufa Mheshimiwa Tertuliano tulisimama dakika moja tukaendelea na kazi."

"Tertuliano hakuwa anapendwa hivi."

Osmarino alirudi kitini pake. Alikuwa kama mtu aliyekula kitu akasifia ladha, kisha akaambiwa ni nyama ya nini. Sahihi ya kwanza ilikuwa yake. Walimtumia yeye kumwita mjane, na mjane kuwanyamazisha watu wa mtoni, na marehemu kuua kitu pekee alichokililia hospitalini, siku za mwisho, alipokuwa hawezi hata kunywa maji. Hakuna aliyehitaji kupinga muswada. Hakuna aliyehitaji hata kuutaja. Wangempenda Lindolfo tu mpaka muda uishe.

Alichukua kitabu cha kanuni kutoka kwenye droo ya meza yake, akakisoma anavyosoma siku zote, kidole chini ya mstari. Spika hakuwa amedanganya. Ile dakika moja ya kusimama haikuhitaji hoja, lakini hoja rasmi ya rambirambi, kama aliyoitia sahihi yeye, haipigiwi kura. Huulizwa kama kuna anayepinga, na isipopingwa imepita, na ikipita kikao kimekwisha. Lakini akitokea mjumbe mmoja wa kuipinga, hoja inasogezwa mpaka kikao kingine, na bunge linarudi kwenye orodha ya shughuli saa hiyohiyo. Mjumbe halazimiki kutoa sababu. Katika kumbukumbu za watu, hapakuwahi kutokea mtu wa kumpinga maiti.

Alisoma mara ya pili. Kisha akazikunja kurasa za hotuba yake, ambayo alikuwa ameiandika kwa usiku tatu, akaziweka mfukoni.

Jina lake lilipoitwa ilikuwa imebaki robo saa na kidogo. Alipanda jukwaani kwa shida ya magoti, na watu wa mtoni walimpigia makofi kuliko wengine wote, kwa maana walimjua. Dona Iracy alimtazama akatabasamu kidogo, kwa mara ya kwanza siku ile.

"Mheshimiwa Spika," Osmarino alisema, "mimi naipinga hoja hii."

Sarges alicheka kwa upole, akasema mzee wetu amezidiwa na majonzi, ulimi umeteleza, bunge linamwelewa.

"Haujateleza. Naipinga. Nataka tuende kwenye..."

Kipaza sauti kilizimwa. Midomo yake iliendelea kwenda kidogo, kisha akaona hakuna anayemsikia, akanyamaza. Walichosikia watu wa ghorofani ni kwamba Osmarino Pacheco amekataa bunge limlilie Lindolfo. Zomeazomea ilianza nyuma, ikashuka mpaka mbele. Adauto alisimama, akasema kwa sauti ambayo haikuhitaji chombo chochote, "Mzee, huyu alikuwa ndugu yako." Nildo wa Ambulensi naye alikuwa akizomea, amejishika kifua, anamwonyesha Osmarino kidole mbele ya kamera ya televisheni ya jimbo.

Dona Iracy hakuzomea. Alikuwa ameweka mkono mdomoni.

Katibu wa bunge alimwinamia spika, akazungumza naye kwa muda, na uso wa Sarges ukabadilika. Hoja ilikuwa imesogezwa, hakuna pa kutokea. Aliigonga meza akasoma kwa sauti ya chini na ya haraka: shughuli ya kwanza, muswada wa hati za ardhi za Boca do Matupi, uliowasilishwa na Wajumbe Barreiros na Pacheco. Wakati huohuo Ferraz na wengine kadhaa walikuwa wameshainuka kuelekea mlangoni, ili akidi isitimie.

Ghorofani walisikia jina la kijiji chao. Hawakuwa wameelewa kanuni wala hila. Walidhani hii ndiyo zawadi ambayo bunge lilikuwa limemwekea marehemu, na kwamba ndiyo aliyotaka kuizuia Osmarino. Walisimama wote pamoja, na watoto wao, wakapiga makofi na kuita jina la Lindolfo. Dona Iracy naye alisimama mezani, karibu na spika kiasi kwamba kamera haikuweza kumpata mmoja bila mwenzake.

Sarges alimtazama mjane. Akaitazama kamera. Akawatazama wenzake waliokuwa wameshika mlango nusu wazi. Alikuwa mwanasiasa wa miaka mingi, na hesabu ile haikumchukua muda.

"Waheshimiwa, rudini," alisema, na sauti yake ilikuwa imejaa tena. "Mmoja wetu amemkosea heshima marehemu. Sisi tutamjibu kwa vitendo. Anayempenda Lindolfo Barreiros na abonyeze ndiyo."

Wakabonyeza. Ubao juu ya ukuta ulijaa taa za kijani, ya Nildo, ya Ferraz, ya Dokta Marlusia, ya kijana wa mpira. Osmarino naye alibonyeza, na taa yake ilipowaka baadhi ya watu juu walicheka kwa dharau. Muswada ulipita bila kura moja ya hapana. Wajumbe walikumbatiana. Ferraz alilia tena, na safari hii kitambaa kililowa.

Katika korido, Sarges alimpita Osmarino akasimama nusu hatua. "Umenibana vizuri," alisema bila kugeuza shingo. "Lakini sasa sheria ni yangu. Gavana ni shemeji yangu, na kalamu ya kuitia sahihi iko mkononi mwake. Ukianza kuwasimulia watu hadithi, wino unaweza kukauka."

Osmarino alisema ameelewa.

Dona Iracy alikuja akiwa ameshikwa mkono na Adauto. Aliomba waachwe kidogo, na Adauto akasogea hatua chache, mgongo umegeuzwa kwa makusudi.

"Niambie kwa nini," alisema mjane. "Najua una sababu. Nambie tu, nikalale."

Maneno yalimjia yote, yamepangika. Lakini Adauto alikuwa pale, na Adauto akijua, kijiji kizima kingejua kabla mashua hazijafika nyumbani, na spika angejua kabla ya hapo.

"Nilikuwa na sababu zangu, shemeji."

Dona Iracy alingoja azitaje. Alipoona hazitaji, alirekebisha shali yake.

"Lindolfo alikuwa akiniambia, nikifa, mambo yakikushinda nenda kwa Osmarino." Sauti yake haikupanda. "Usije nyumbani Jumapili."

Akaondoka. Osmarino alibaki ameegemea ukuta, na kilichomtia kinyaa zaidi ya kicheko cha Nildo, zaidi ya machozi ya Ferraz, ni kugundua jinsi alivyotamani kushukuriwa. Watu wale wangelala na ardhi yao, na bado kitu ndani yake kilikuwa kinanuna kama mtoto.

Kwenye ngazi za nje mpiga picha wa bunge alikuwa anawapanga. Spika katikati, mjane kulia kwake, watu wa mtoni wamechuchumaa mbele na mifuko yao. Mtu mmoja aliuliza mbona mwenye muswada hayupo, na Sarges, kwa sauti ya ukarimu iliyofika mpaka barabarani, akaita, "Njoo, mzee Osma. Sisi hatuna kinyongo."

Kukataa kungezua maswali. Osmarino alishuka ngazi, akasimama pembeni kabisa. Nildo wa Ambulensi alimtupia mkono begani, mkono wenye joto na manukato, akamvuta karibu ili aingie kwenye picha. Adauto, pale mbele, alisogeza goti lake lisimguse.

Mpiga picha alisema bado picha moja. Osmarino aliinua kidevu, akatazama mbele, akangoja wamalize.