Bendera Nyekundu ya Mstari wa Tisa

Mimi kazi yangu ni kutembea. Watu wakisikia kwamba napima sumu viwandani wanadhani nakaa na koti jeupe nikichungulia chupa. Thubutu! Napewa kiwanda kilichokufa, naanzia ukuta huu hadi ukuta ule, nageuka, nasogea hatua tano pembeni, narudi nilikotoka, kama mtu anayepiga deki ukumbi. Kila hatua ishirini nasimama. Naangalia, nanusa, nachoma nondo ardhini nione imetoka na rangi gani, kisha naelekeza kipimo, kidude fulani kinachofanana na kikaushia nywele, nasoma namba. Halafu nachomeka bendera. Nyeupe, pako salama. Njano, sina hakika, udongo uende maabara. Nyekundu, pana sumu, hapana mjadala. Za njano tu ndizo zinazopimwa mara ya pili. Nyeupe na nyekundu ni neno langu mimi, na neno langu halijawahi kurudishwa kwa miaka kumi na minne.

Kiwanda chenyewe kilikuwa cha betri za magari. Kilifungwa zamani, wenyewe wakaondoka na mashine nzima nzima wakaacha uchafu wao: tanuru lililoanguka upande, maganda ya betri yamerundikwa hadi kifuani, mapipa yaliyooza makalio na kumwaga vitu ambavyo waliovijaza humo wanavijua wao. Nyuma ya tanuru kulikuwa na safu ya nyumba nane za wafanyakazi, na wafanyakazi wa zamani walikuwa bado wanaishi humo. Wakubwa walikuwa wameshatoa uamuzi. Nyumba yenye bendera nyeupe uani, aliyemo anapewa hati, iwe yake. Yenye nyekundu inabomolewa, udongo unachimbwa na kubebwa, na waliomo wanahamishiwa patakapopatikana. Kila mtu mwenye akili anajua hapo patakapopatikana ni wapi.

Nyumba ya tatu alikuwa anakaa kaka yangu, tumbo moja, baba mmoja.

Nilipaswa kumwambia mapema mhandisi anayenisimamia, "Hapa pana ndugu yangu, mpe kazi mtu mwingine." Sikusema. Nitawaambia kwa nini, na msinipake mafuta. Tulikuwa hatusemezani miaka sita. Nilipoachana na mume wangu, kaka alisema nimewavua nguo hadharani, akanifungia mlango. Mama alipougua, hakuniita. Mama alipokufa, hakuniita. Nilisikia kwa mtu baki, sokoni, ananipa pole huku anachagua vitunguu. Nikafika nikakuta kaburi limeshasawazishwa, watu wanakung'uta vumbi kwenye viatu. Kwa hiyo nilipoona jina la kiwanda kwenye karatasi ya kazi, nilivaa viatu vyangu, nikaenda. Nilitaka anione nimesimama uani kwake na kipimo mkononi, yeye akisubiri mimi niseme.

Siku ya kwanza niliupiga mstari wa kwanza hadi wa tano. Siku ya pili, mstari wa tisa ukanipeleka moja kwa moja uani kwake.

Alikuwa amekaa kwenye kiti cha bati, nywele zimeingia mvi, kifua kimebonyea. Miaka ishirini alikuwa anakoroga tanuru la kuyeyushia risasi, ile metali nzito ya ndani ya betri. Hakuinuka. Wifi yangu ndiye aliyetoka jikoni anafuta mikono kwenye kanga, akanikumbatia, akaanza kulia, akajizuia. Na chini, katikati ya ua, alikuwa amekaa mtoto wa kike wa miaka mitatu hivi, mashavu haya, tumbo hili, anaongea peke yake kama redio.

"Huyo ni mjukuu wako," wifi akasema. "Mama yake yuko mbali anatafuta riziki. Sisi tunamwita Kasuku, maana hanyamazi."

Kasuku akaniangalia viatu, akaniangalia uso. "Bibi, kwa nini umevaa ndoo kichwani?"

Nikacheka. Kofia yangu ya kazi ni ya njano, kweli inafanana na ndoo. Nikachoma nondo hatua mbili kutoka alipokaa. Ikatoka na tope la kijivu, zito, lenye ile harufu inayong'ata puani. Nikaelekeza kipimo. Nikasoma. Nikapangusa kioo kwa shati, nikasoma tena. Jamani, kwenye tanuru lenyewe sikuwa nimeona namba kama ile. Inaelekea zamani pale ndipo walipokuwa wanamwaga, kisha wakajenga juu yake.

Na mtoto kakaa hapo anachota kwa kiganja, anaramba.

Roho iliniruka. Uadui wote ukaniisha mara moja, nawaambieni kweli. Nikachomeka bendera nyekundu, nikachuchumaa mbele ya kaka yangu kama mdogo anavyotakiwa.

"Kaka, nakuomba unisikilize. Hapa ndani kuna risasi nyingi mno. Mtu mzima inamtafuna polepole. Mtoto inampanda kichwani. Akiendelea kula udongo huu atapooza akili. Mwondoeni leo, hata kama nyumba hamjahama."

Akaniangalia kama muuza duka anayepewa hela bandia.

"Miaka sita unanisubiri," akasema. "Sasa umepata."

"Kaka!"

"Mimi nimekula risasi miaka ishirini, nimekufa? Binti yangu kazaliwa hapa, kakulia hapa, leo anatuma matumizi. Jirani kapata nyeupe jana, kwangu mimi ndiyo sumu imekuja kujikunyata? Inajua mipaka? Ondoka uani kwangu."

Jirani alikuwa fundi cherehani, mjane, nyumba ya nne, ng'ambo ya mfereji wa zege. Kweli kwake palikuwa pasafi, mfereji ulikuwa umemkinga. Nilijaribu kueleza. Alikuwa ameshaniwekea mgongo. Nikaandika daftarini, mstari wa tisa, hatua ya mia na arobaini, nyekundu, nikaenda zangu. Nilijiambia bendera itafanya kazi iliyonishinda. Nyumba itavunjwa, mtoto atatoka hapo kwa nguvu. Akinichukia, anichukie.

Sasa kuna utaratibu wetu mmoja ambao lazima muuelewe. Siku ya tatu mhandisi anapita na daftari langu mkononi, anapiga picha bendera moja moja. Daftari na bendera vikipishana, anamuuliza aliyetembea. Aliyetembea anasema kipi ni kipi, mhandisi anakata mstari wa daftari, aliyetembea anatia sahihi pembeni. Basi. Mhandisi wetu alikuwa kijana mpole, aliyeamini kwamba daftari huandikwa na mtu aliyechoka, bendera huchomekwa na mtu aliye macho.

Tulipofika nyumba ya tatu, bendera ya uani ilikuwa nyeupe. Na ng'ambo ya mfereji, kwa fundi cherehani, ilikuwa inapepea nyekundu. Mwenyewe fundi hakuwepo, alikuwa amepeleka nguo za watu.

Sikuhitaji kuambiwa. Ile nyekundu ilikuwa imekaa upande, mchomekaji hajui kazi, na shina lake lilikuwa bado lina tope la kijivu, kwenye udongo mwekundu mzuri wa fundi. Kaka alikuwa ameegemea mlango wake anachokonoa meno.

"Daftari linasema nyekundu hapa," mhandisi akaniambia. "Na pale linasema nyeupe. Naona kinyume. Tufuate lipi, mama?"

Nilikuwa na jibu mdomoni. Naapa nilikuwa nalo. Kaka akawahi. Akamwambia mhandisi, kwa sauti ya kirafiki kabisa, kama anatoa stori:

"Msimsumbue, baba. Huyu hata mama yake mzazi kazikwa hayupo. Mtu aliyeshindwa kumsindikiza mama yake, leo ndiye wa kunipimia uwanja?"

Mhandisi akainamisha macho kwa aibu. Mimi nikasikia masikio yanapiga kelele. Yeye! Yeye aliyenificha msiba, anautumia msiba uleule kunipiga nao mbele ya mkubwa wangu! Nikamtazama alivyosimama, na kijiti chake, na bendera yake ya wizi, na ushindi wake. Nikasema moyoni, unalitaka hilo tope? Haya, lichukue. Lichukue lote, ulilalie, ulichimbe, uliote.

"Fuata bendera," nikasema.

"Una hakika, mama?"

"Mkono ulipotea njia kuandika. Fuata bendera."

Nikatia sahihi mara mbili, moja kwa nyumba ya tatu, moja kwa ya nne. Kasuku alikuwa dirishani ananipungia, anaita, "Bibi ndoo! Bibi ndoo!" Nikampungia.

Fundi cherehani alipewa siku saba. Alinifuata hadi kwenye gari la kazi, kashika fremu ya cherehani yake kichwani, maana alishaanza kubeba vitu kabla hajajua anavipeleka wapi.

"Dada yangu, wewe ulinipimia juzi ukaniambia pazuri. Ukaniambia hata mboga nipande. Leo kwangu kumeingia nini?"

"Sumu, mama," nikamjibu, nikafunga mlango wa gari.

Walivunja nyumba yake kwa mashine ya njano, wakachimba udongo safi kina cha mtu, wakaubeba na malori yaliyofunikwa maturubai ili usimwagike njiani ukadhuru watu. Mimi nilitembea kwenda viwanda vingine. Kuna siku nilikumbuka na kuna siku nilijisahaulisha, na siku za kujisahaulisha zilikuwa nyingi zaidi.

Baada ya miezi tisa kaka akanipigia simu. Kaka mwenyewe! Sauti laini kama ya mtu anayeposa.

"Mdogo wangu, njoo nyumbani. Yaliyopita yamepita. Nilikukosea na wewe ukanisitiri. Njoo ule na sisi."

Nikaenda. Sijui nilikuwa natafuta nini.

Alinipokea getini, akanipokonya mkoba, akanishika bega mbele ya majirani. "Huyu ndiye dada yangu! Huyu ndiye aliyenipa nyumba!" Ukutani, sebuleni, alikuwa ametundika hati kwenye fremu ya kioo, na chini yake nakala ya karatasi yetu ya kazi: nyumba ya tatu, nyeupe, salama kwa makazi. Sahihi yangu iko pale, imekolea.

"Sikujua una moyo huo," akasema, na machozi yakamlengalenga. "Uliona nilichofanya, ukanifichia. Damu ni damu bwana. Kuhusu mama, nisamehe. Nilifanya unyama."

Miaka sita nilikuwa nimengoja maneno hayo. Yalipokuja sikuyasikia, kwa sababu nilikuwa namtazama mtoto.

Alikuwa amekaa mkekani karibu na mlango. Yale mashavu hayapo. Midomo imepauka. Nikamwita, "Kasuku!" Akageuza shingo polepole, akaniangalia, akaangalia ukuta. Hakusema kitu.

"Siku hizi kawa mkimya," kaka akasema. "Tumbo linamsumbua, na damu imepungua. Zahanati wamesema mboga za majani kwa wingi. Basi nimelima bustani hapo uani, tena inavyostawi! Kila siku anakula. Nitakufungia nawe uondoke nazo."

Nikakaa chini pale pale.

"Kaka, mng'oe hiyo bustani. Mtoeni mtoto hapa sasa hivi, mkampime damu hospitali kubwa. Uani kwako ni sumu. Nilikwambia siku ile, na ilikuwa kweli."

Akacheka kidogo. Akaniangalia kama anayesubiri nimalizie utani.

"Si ulitia sahihi?"

"Nilitia."

"Mbele ya mhandisi, akakuuliza mara mbili, ukasema fuata bendera."

"Nilisema."

"Basi!" Akainuka, akaigonga ile fremu kwa kidole. "Mimi bendera nilihamisha kwa sababu niliona unanionea. Wewe mtaalamu ukaja, ukaangalia, ukakiri. Kama pangekuwa na sumu ungeacha mjukuu wako ailalie? Mtu gani anafanya hivyo? Nilijua tangu hapo kwamba siku ya kwanza ulikuwa na hasira tu. Usianze tena, mdogo wangu. Tumeshapatana."

Nikarudia. Akazidi kupandisha sauti, akasoma karatasi kwa nguvu kama anasoma hukumu, neno kwa neno, hadi tarehe. Alikuwa anayaamini maneno yangu. Maneno ya karatasi, siyo yale yaliyokuwa yananitoka mdomoni.

Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni na bakuli la mboga mkononi. Sijui alikuwa hapo tangu saa ngapi. Akaliweka bakuli sakafuni, taratibu.

"Wifi, ni kweli?"

"Ni kweli."

"Na siku ile ya sahihi, ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulimwona mtoto?"

"Alinipungia dirishani."

Kaka akaushusha mkono kutoka kwenye fremu. Wifi hakumtazama hata kidogo, alinitazama mimi.

"Mume wangu ni mjinga," akasema. "Alihamisha bendera hajui. Wewe je?"

Wifi akamwinua mtoto mkekani, miguu ya mtoto ikaning'inia kama nguo. Nikanyoosha mikono nimsaidie kubeba, maana mkono wake mmoja ulikuwa unatafuta kanga. Akanipiga kwenye vidole kwa nguvu zake zote.

"Usimguse."

Akapita katikati yetu, akatoka, peku, anakimbia kuelekea barabarani.