Ukucha wa Tano

Huko Jingdezhen, mji wa China wa vyombo vya kauri, anayechora mistari hajazi rangi, na anayejaza hachori. Kwa miaka thelathini Guanlin alichora majoka kwenye mitungi ya mfalme, na mkewe Suzhen akayajaza rangi. Ndoa yao yote ilipita hivyo. Mwezi uliopita kikohozi kilimwondoa Guanlin, akaacha mtungi mmoja haujajazwa.

Suzhen aliujaza polepole, maana ukiisha huo, basi tena. Alipofika mguu wa nyuma wa joka akahesabu kucha. Nne. Akahesabu tena. Nne! Joka la mfalme lina kucha tano, hata mtoto anajua. Mkono wa mgonjwa ulikuwa umesahau mmoja, na mtungi wenye kasoro huvunjwa ukafukiwa shimoni.

"Mzee wewe, hata kuhesabu kumekushinda?" alisema peke yake, akacheka, kisha machozi yakamzidi.

Hakutaka uvunjwe. Uende ikulu, asiuone tena maishani, sawa, mradi uwe mzima. Akachovya brashi katika rangi yake ya kujazia, akachora ukucha wa tano. Kabla ya moto wa tanuri rangi zote ni nyeusi tu, na ukucha wake ukampendeza.

Rangi ya kujazia huzimuliwa kwa maji, ya kuchorea huachwa nzito. Alilijua hilo kuliko jina lake, lakini msiba humfanya mtu mjinga. Tanuri lilipofunguliwa, kucha nne zilikuwa za buluu iliyokolea, na wa tano umepauka kama nguo iliyofuliwa mno.

Mkaguzi, Mzee Xue, alikuwa rafiki wa marehemu. Aliutazama mguu ule, akamtazama Suzhen.

"Shemeji, huu si mkono wa Guanlin."

"Ni wangu."

"Si ungeniita kwanza?"

"Nikuite uje uuvunje?"

"Na sasa je, nifanyeje?"

Nyundo ya Mzee Xue ikaupiga mtungi mara moja. Suzhen akapiga magoti, akaokota kigae chenye mguu na kukikumbatia.

"Kaka, nipe hiki tu. Sitaki kingine."

Mzee Xue alikitoa mikononi mwake taratibu. Naye alikuwa analia.

"Kucha tano ni za mfalme, shemeji, hata kwenye kigae. Wakikikuta kwako watakukata kichwa. Kucha nne ni za mtu yeyote. Ungeuacha alivyouchora mwenyewe, mguu huu ningekupa uende nao nyumbani."