Paa la Mjomba Lisitobolewe

Mjomba alituazima gari kwa sharti moja: paa lisitobolewe. Miaka thelathini na miwili alifanya kazi idara ya maji, akitafuta mabomba yanayovuja, na mtaani wanamwita Koki. Kile kijumba cha kulala kinachopandishwa mgongoni mwa pikapu yake alikiunda mwenyewe baada ya kustaafu. Hakijawahi kuingiwa hata na tone la maji.

"Tundu moja tu," aliniambia, "na mama yako ataenda kwa miguu."

Mama, ambaye ni dada yake, alikuwa amevunjika nyonga. Hata chooni hakuwa akienda kwa miguu.

Safari ilikuwa ya kwenda kwa mama mdogo, mwendo wa siku nzima. Jumanne asubuhi alikuwa afanyiwe upasuaji wa moyo. Yeye na mama walikuwa hawajasemezana miaka kumi na mmoja, sababu meza. Bibi alipofariki, mama aliichukua meza ya kulia chakula wakati mdogo wake yuko kazini. Sasa alitaka kuirudisha mwenyewe kabla mdogo wake hajaingia kwenye kisu. Ndani ya kijumba angelala mama. Meza ingekaa juu, na juu hapakuwa na pa kuifungia kamba.

Mimi ni fundi vioo. Kioo cha mbele cha gari hakishikwi na skrubu, kinashikwa na gundi, na watu hukimbia nacho barabarani bila wasiwasi. Basi nikatengeneza keria ya alumini yenye miguu sita, kila mguu na unyayo mpana kama sahani. Ijumaa mchana, kijumba kikiwa kimeshushwa chini kwenye matofali, nilipiga msasa pale miguu itakapokaa, nikafuta kwa spiriti, nikaomba, nikapaka gundi, nikabandika. Ilihitaji siku mbili bila kuguswa. Niliandika USIGUSE kwenye karatasi na kuining'iniza.

Jioni wakaja akina mama wa maombi, saba, pamoja na shemasi. Nilikuwa nimewaalika mwenyewe waiombee safari. Mama alikuwa ameshalazwa ndani ya kijumba, ajaribu kitanda, dirisha wazi.

"Tunawekea mikono nini?" shemasi aliuliza.

"Gari na kijumba chake," nikasema.

Hilo ndilo kosa langu, na simsingizii mtu. Kwetu kitu kikiombewa kinashikwa, na mimi nilishafumba macho. Kijumba kikiwa chini, keria hufikiwa na yeyote anayeinua mikono. Mama wa kwaya, mwanamke wa kifua na sauti, alimwomba Bwana akisogeze kila kizuizi. Nikasema amina. Wote wakasema amina.

Nilipofumbua macho, keria ilikuwa imekwenda mshazari, upande wa nyuma umesogea vidole vinne. Nisingeweza kuirudisha. Gundi ikishaanza kushika, ukiisogeza tena unaipasua. Niliongeza nyingine kuzunguka kila unyayo, nikawashukuru wageni.

Mjomba alikuja na futi yake. Alipima mara mbili.

"Imepinda."

"Imepinda, mjomba."

"Nani?"

"Maombi."

Alikunja futi yake. "Iondoe uanze upya."

"Nikianza upya, Jumanne itatukuta bado tupo hapa. Tuiache hivi, tusubiri ikauke. Au nitie skrubu nne, tuwe na uhakika."

Mama akasema kutoka dirishani, "Kaka, unalinda paa gani na mdogo wako anapasuliwa kifua?"

"Maji yakiingia, dada..."

"Yataniingia mimi. Wewe ndiye unalala humu?"

Mjomba alilipapasa paa kama anayepima homa. Kisha akasema, taratibu sana, "Lete drili."

Nilikwenda nikaileta. Niliweka ncha mahali pake, naye akageuka akatazama ukuta wa jirani. Kidole hakikutaka kubonyeza.

"Tusubiri Jumapili," nikasema. "Tutaivuta. Ikibanduka, nitatoboa."

"Na isipobanduka ukadanganyika, ikabandukia njiani?"

"Tutaivuta kwa nguvu."

Siku mbili zile niliomba kuliko nilivyolala. Sikuomba muujiza, niliomba gundi ifanye kazi iliyoandikwa kwenye kopo.

Jumapili baada ya ibada mjomba alijining'iniza kwenye keria, kilo tisini, miguu ameikunja. Kisha tukaning'inia wawili. Mama wa kwaya akaomba naye apewe nafasi, kwa sababu tangu Ijumaa hakuwa na amani. Tulipewa nafasi kila mmoja, na mwisho tukawa watatu kwa pamoja. Hakuna kilichotikisika ila kijumba chenyewe, na mama ndani akauliza kama tumeshaondoka.

Jumatatu alfajiri tuliondoka. Meza ilikaa kimshazari, na kila dereva aliyetupita alituonyesha kwa mkono kwamba mzigo umepinda. Mjomba aliwapungia wote. Kila tuliposimama alipanda ngazi akakagua miguu sita, akashuka akarudi garini, nami nikajua ni nzima.

Saa kumi jioni tuliingia uani mwa hospitali. Mama mdogo alitoka na gauni la wodi, muuguzi amemshika mkono. Aliitazama meza kwanza.

"Mbona kamba nyingi hivyo? Ilitaka kutoroka?"

Mama alikuwa amejiegemeza dirishani. "Ni yako. Niliichukua ukiwa hupo. Nilijua nawe unaitaka, na nikaichukua."

"Nilishanunua nyingine."

"Basi uza hiyo nyingine."

"Siuzi. Ni nzuri kuliko hii." Mama mdogo aliitazama meza tena. "Hii irudi. Wewe baki mpaka nitoke huko ndani."

Alimwachia muuguzi mkono, akapanda kijumbani, akakaa ukingoni mwa kitanda cha mama. Mlango ukafungwa. Mjomba alisema yeye atalala kwenye kiti cha mbele, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Mlinzi wa lango akaja na daftari lake. Mzigo wowote unaolala uani lazima uandikwe jina la mwenyewe.

"Hii meza ni ya nani?"

Ndani ya kijumba, mama alisema, "Yake." Mama mdogo akasema, "Yake huyu."

Mlinzi aliruka sehemu ya jina. Kisha akaandika: meza moja.